Gundi ya Kupika, Gundi ya Pakiti na Gundi ya Seremala: Ipi Inafaa Mabango ya Sanaa ya Mitaani?

Bango lililobandikwa ukutani huanza kuharibika kwenye kona. Kona moja ikijiinua hata kwa upana wa ukucha, upepo hupata mahali pa kushika, vumbi huingia chini ya karatasi, mvua ya kwanza hufuata njia hiyo hiyo, na mchoro uliokesha nao wiki nzima huwa umekwisha kuning'inia kabla wapita njia hawajapata nafasi ya kuutazama. Nimebandika kazi zangu kwa miaka kadhaa, kwenye kuta ambazo wenyewe wameniruhusu, na wanaoanza kazi hii huniuliza kwanza kuhusu printa, kisha kuhusu programu ya kuchorea, na mwisho kabisa kuhusu gundi. Ningependa mpangilio huo ugeuzwe. Katika tathmini hii ninalinganisha gundi tatu ninazozijua kwa mikono yangu: ile ya unga wa ngano inayopikwa nyumbani, ile ya unga mkavu wa pakiti inayouzwa kwa ajili ya karatasi za kupamba kuta, na gundi nyeupe ya seremala, ambayo wengi huikimbilia kwa kudhani kwamba iliyo na nguvu zaidi ndiyo bora zaidi.

Nitangulize hukumu yangu. Kwa bango la nje la karatasi moja au mbili, gundi ya unga wa ngano iliyopikwa ikaiva sawasawa inazishinda nyingine. Gundi ya pakiti inaishinda katika mambo machache, na moja kati ya hayo ni kubwa. Gundi ya seremala haifai kutumiwa peke yake kwenye ukuta wa mtu.

Ili nisitegemee kumbukumbu tu, nilichapa nakala tisa za mchoro mmoja, ukubwa wa A2 (karibu sentimita 42 kwa 59), kwa printa ya leza kwenye karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, nikazibandika tatu tatu kwenye plasta ya zamani yenye mikwaruzo, kwenye saruji laini, na kwenye ubao wa plaiwudi uliokuwa chini ya paa. Kila mahali kila gundi ilipata nakala moja. Niliziacha kwa majuma manane, kukawa na jua kali na mvua nzito mara nne, nami nilizikagua kila Jumamosi kwa kupitisha ukucha kwenye kona zote nne.

Gundi ya unga wa ngano hupikwa kama uji mwepesi, na balaa la uji ndilo balaa lake: madonge. Mimi hutumia gramu 150 za unga mweupe kwa lita moja ya maji. Robo ya maji huachwa baridi, na unga hukorogwa humo mpaka uwe laini kama maziwa mazito, usiwe na punje hata moja inayohisika ukiusugua kati ya vidole viwili. Robo tatu zilizobaki huchemshwa, kisha mchanganyiko wa baridi humiminwa humo polepole huku mwiko ukizunguka bila kusimama. Wanga wa ngano huanza kufura maji yanapofikia karibu nyuzi 60 za Selsiasi, na hapo sufuria hubadilika ukiitazama: weupe kama wa chokaa hugeuka kuwa kijivu kinachopitisha mwanga, mwiko huwa mzito, na mapovu makubwa huanza kupasuka kwa sauti. Wengi huepua wakati huo, na ndipo wanapokosea, kwa sababu sehemu ya wanga bado ni mbichi, na gundi mbichi hunata mkononi lakini ikikauka ukutani hugeuka unga tena. Punguza moto, iache itokote kwa dakika tatu hadi tano zaidi bila kuacha kukoroga, kisha ichuje ingali moto kwa chujio la matundu madogo. Kuchuja ni hatua ninayowasihi watu wasiiruke, kwani donge moja lenye ukubwa wa punje ya mchele, likikaa chini ya karatasi katikati ya uso uliouchora, litaonekana kama chunusi mpaka siku bango litakapotoka.

Ikipoa huwa nzito kuliko ilivyokuwa jikoni. Iongezee maji ya vuguvugu kidogo kidogo mpaka ukiinua brashi itiririke kwa uzi usiokatika. Ikidondoka kwa mabonge, bado ni nzito. Ikitiririka kama maji, umezidisha. Wapo wanaoongeza sukari wakiamini kwamba inaongeza mnato. Nimejaribu mara tatu sikuona tofauti yoyote katika kushika, ila sisimizi niliwaona.

Nguvu ya gundi hii inaonekana zaidi kwenye ukuta mkongwe. Plasta yenye mikwaruzo hunywa tabaka la kwanza, la pili hujaza mashimo madogo, na karatasi ikishalala juu yake hufuata kila tuta na kila ufa, hata kwa mbali mchoro ukaonekana kama umepakwa moja kwa moja ukutani. Hiyo ndiyo sababu ninaipenda kazi hii kuliko kuchora kwa makopo ya rangi: unaweza kukaa mezani majuma mawili ukirekebisha kope za jicho moja, kisha ukautoa mchoro nje na kuukabidhi kwa ukuta ndani ya dakika kumi, nao ukuta ukaupa ngozi yake. Msanii wa Marekani anayejulikana kwa jina la Swoon, aliyeanza kubandika mitaani New York mwaka 1999, hukata na kuchapa kwa mkono picha za watu zenye kimo cha mtu halisi, na ukitazama picha za kazi zake utaona jinsi karatasi nyembamba inavyoungana na ukuta uliochakaa mpaka usijue mkunjo wa nguo ya mtu yule unaishia wapi na ufa wa plasta unaanzia wapi.

Katika jaribio langu, nakala ya gundi ya unga kwenye plasta ilishika kona zote nne kwa majuma yote manane. Kwenye saruji laini kona moja ya juu ilijiinua katika juma la sita, nikairudisha kwa brashi moja tu ya gundi. Kwenye plaiwudi ilishika vizuri, lakini konokono waliipata: asubuhi moja baada ya mvua nilikuta njia zao za utelezi zimepita juu ya mchoro, na pembeni karatasi ilikuwa imeliwa mpaka ikabaki kama kamba za kimia. Wanga ni chakula, na hilo ni lazima ulijue kabla hujabandika mahali penye unyevu na majani karibu.

Kasoro yake ya pili ni kuchacha. Katika joto haidumu zaidi ya siku mbili. Kwenye jokofu, ndani ya chombo kilichofunikwa, hufika juma. Niliwahi kuisahau ndoo nzima kwa siku nne, nikaifungua nikakuta harufu kali na uzito umekwisha, imekuwa kama maji ya kuoshea mchele. Kwa kuwa sikutaka kuitupa, nilibandika nayo mabango sita, na kesho yake yote sita yalikuwa yamelala chini ya ukuta, safi, bila hata mchubuko, kana kwamba hayakuwahi kubandikwa. Gundi iliyochacha imwagwe.

Kasoro ya tatu ni ndogo, ila inawahusu wanaochora kwa weusi mzito. Tabaka la juu la gundi ya unga likikauka huacha utando mweupe hafifu, ambao kwenye karatasi nyeupe hauonekani, lakini kwenye nywele nyeusi au usiku uliochapwa kwa weusi mtupu huonekana kama vumbi. Dawa yake ni kulifanya tabaka la juu kuwa jepesi sana na kulifuta kwa brashi iliyokaushwa kabla halijashika.

Sasa nije kwenye gundi ya pakiti. Nyingi kati ya hizi zimetengenezwa kwa selulosi ya methili, kemikali itokanayo na nyuzi za mimea, ambayo ina tabia iliyo kinyume na wanga: huyeyuka katika maji baridi na kushikana madonge katika maji ya moto. Mtu aliyezoea kupika huikosea hapo hapo. Unga hunyunyizwa polepole kwenye ndoo ya maji baridi yanayozungushwa kwa kijiti, huachwa kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, hukorogwa tena, na kazi imekwisha. Pakiti huwa na vipimo tofauti kwa karatasi nyepesi na karatasi nzito, nami ninashauri kufuata kile cha karatasi nzito hata kama bango lako ni jepesi, kwa kuwa vipimo hivyo viliwekwa kwa ajili ya kuta za ndani ya nyumba zisizonyeshewa.

Sifa zake ni za kweli. Haichachi kwa haraka, haiwaiti wadudu kama unga, na hukauka bila kuacha utando, hivyo weusi unabaki mweusi. Ile sifa kubwa niliyoitaja mwanzoni, hata hivyo, ni utelezi. Karatasi iliyowekwa juu ya gundi hii inaweza kusukumwa kwa kiganja kwenda juu, chini au pembeni kwa dakika kadhaa bila kuchanika. Kwa bango la karatasi moja hilo si jambo la kuzungumziwa, lakini kwa picha kubwa inayounganishwa kwa mapande huwa ndilo jambo lote. Karatasi ikilowa hutanuka, tena hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo mapande mawili yaliyolingana kikamilifu sakafuni hayalingani tena ukutani: jicho la kushoto hukaa chini ya la kulia kwa nusu sentimita, na uso mzima ukaonekana umepata kiharusi. Kwa gundi ya unga, inayoshika mara moja kwenye plasta kavu, ukijaribu kulirekebisha pande hilo utalichana. Kwa gundi ya pakiti unalisukuma tu mpaka mistari ikutane. Acha mapande yapandane kwa sentimita mbili, anza na lile la katikati, na ulowanishe yote kwa muda uleule kabla ya kuyainua, ili yatanuke kwa kiasi kimoja.

Udhaifu wake ni maji. Kitu kilichoyeyuka katika maji baridi kwa urahisi namna ile huyeyuka tena maji baridi yakirudi, na mvua ni maji baridi. Kwenye saruji laini nakala yangu ya pakiti ilistahimili mvua mbili. Kwenye plasta ya zamani, ambako maji huingia nyuma ya karatasi kupitia mikwaruzo, kingo zote mbili za pembeni zilikuwa zimefunguka baada ya mvua ya pili, na ya tatu ikaliangusha bango. Kwenye plaiwudi, chini ya paa, ilibaki nzuri kuliko zote mpaka mwisho. Kwa hiyo kwa maonyesho ya ndani, barazani, kwenye korido au chini ya daraja mahali pasipofikiwa na mvua, ningeichagua hii bila kusita.

Gundi ya seremala sihitaji kuieleza kwa urefu. Ni ghali kuitandaza eneo kubwa, hukauka haraka mno kwenye jua hata makunyanzi yakagandamana kabla hujayalainisha, na ikikauka hutengeneza ngozi ya plastiki. Nafasi yake ni moja: sehemu moja ya gundi hiyo ikichanganywa na sehemu tano za gundi ya unga iliyopoa, kisha mchanganyiko ukapakwa juu tu ya bango lililokwisha kubandikwa, hasa kwenye kingo, huongeza uwezo wa kuvumilia mvua. Chini ya karatasi siiweki tena, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

Hakuna gundi kati ya hizi itakayokusaidia ukikosea karatasi na wino. Karatasi ya gazeti, yenye uzito wa gramu 45 hadi 55 hivi, hulala vizuri kuliko zote lakini huchanika ikilowa ukiishika ovyo. Ile ya gramu 80 ni mahali pazuri pa kuanzia. Kuanzia gramu 120 kwenda juu karatasi hukataa kufuata ukuta, na kona zake hupigana na gundi mpaka zishinde. Wino wa printa ya kawaida ya nyumbani, ambao ni wa maji, huchuja brashi inapopita. Wa leza ni plastiki iliyoyeyushwa kwa joto, hauchuji, na kadhalika wino wa mafuta wa kuchapia kwa mbao. Bango langu la kwanza kabisa nililichapa kwa wino wa maji, na brashi ya pili tu ilitosha kuushusha uso wote mpaka kidevuni kwa michirizi ya bluu.

Namna ya kupaka nayo ina uzito sawa na gundi yenyewe. Ufagie ukuta kwanza, kwa kuwa gundi iliyoshika vumbi imeshika vumbi, haijashika ukuta. Paka gundi ukutani kwa brashi pana ya chokaa, ukivuka mipaka ya bango kwa upana wa vidole viwili kila upande. Weka karatasi kuanzia juu. Itandaze kwa brashi kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Kisha paka tabaka la juu, ukirudia kingo mara mbili. Makunyanzi madogo yanayobaki yasikutie wasiwasi, maana karatasi ikikauka hujivuta na mengi hunyooka. Viputo vikubwa ndivyo vya kushughulikiwa: vitoboe kwa ncha ya sindano na uvibonyeze kwa kidole chenye gundi.

Je, majuma manane yanatosha? Wanaouliza hivyo huwa wanapima bango kwa kipimo cha rangi ya ukuta, na hapo ninatofautiana nao. Ernest Pignon-Ernest wa Ufaransa, ambaye mwaka 1971 alizilaza picha za maiti wa Komuni ya Paris, uasi wa wananchi uliozimwa kwa damu mwaka 1871, kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Cœur jijini humo ili wapita njia wakanyage au wakwepe, alichagua karatasi akijua kwamba itachakaa, na kuchakaa kwake kukawa sehemu ya kazi. Mwezi Machi 2019 JR, msanii mwingine wa Ufaransa, kwa msaada wa wajitoleaji wapatao 400, aliizungushia piramidi ya makumbusho ya Louvre, Paris, karatasi karibu 2,000 zilizobandikwa chini uwanjani, na ndani ya siku chache nyayo za wageni zilikuwa zimezichana. Msanii huyohuyo alipotaka picha zidumu, alibadilisha kitu cha kuchapia, hakubadilisha gundi: mwaka 2009 huko Kibera, Nairobi, nyuso na macho ya wanawake yaliyofunika takriban mita za mraba 2,000 za mapaa yalichapwa kwenye vinaili, aina ya plastiki isiyopitisha maji, ili yawakinge na mvua wenye nyumba zilizo chini yake. Ukitaka miaka, fuata njia hiyo. Ukichagua karatasi, unachoitaka gundi ifanye ni kushika imara kwa kipindi chake, kisha ikubali kuachia.

Kuachia huko nimekuweka kwenye mizani sawa na kushika, kwa sababu ukuta si wangu. Majuma manane yalipotimia nilirudi na ndoo ya maji ya vuguvugu, sifongo na kikwangulio cha plastiki. Nakala za gundi ya unga nilizilowanisha, nikasubiri dakika kumi, nikazilowanisha tena, zikatoka kwa mapande makubwa, na utelezi uliobaki ukaondoka kwa sifongo. Ile ya pakiti iliyokuwa imesalia kwenye plaiwudi ilihitaji nusu ya muda huo. Nakala za gundi ya seremala ziligoma. Karatasi ilitoka juujuu kwa nyuzinyuzi, ngozi ya plastiki ikabaki, na nilipoikwangua kwenye plasta ya zamani ilitoka pamoja na rangi ya ukuta, ikaacha umbo la mstatili mweupe lenye ukubwa wa A2 hasa, kona zake nne zote zikiwa kali. Mwenye ukuta aliupitisha mkono juu ya alama ile bila kusema neno, nami kesho yake nikarudi na kopo la rangi.